Upindo

Le Locle, theluji hupanda hadi kwenye vizingiti vya madirisha
na nuru huja kwa mkopo;
ikifika alasiri mlima huidai.
Kumi na wanne tuliinamia meza zilizotufika kifuani,
kila mtu na kioo kwenye jicho moja,
kila mtu na pumzi yake ameifunga kamba,
maana chafya moja tu hupeperusha kazi ya juma.

Wote tulivaa makoti meupe ya kazi.
Chini yake, fulana. Sweta. Jinzi iliyotoboka goti.
Chini ya lake Anselme Huguenin, suti:
kizibao cha sufu rangi ya majivu, vishikizo sita,
cha mwisho hakifungwi,
na tai yenye fundo dogo kama kokwa ya tende.

"Nani anakuona?" nilimuuliza, juma langu la kwanza.
Alikuwa akisugua ubavu wa kipande cha chuma
ambacho kingefunikwa na kipande kingine,
nacho kifunikwe na mfuniko,
na mnunuzi afe bila kuufungua.
Akapuliza vumbi. Akaendelea kusugua.

Mshonaji wake, Gaudenzio, alitoka Biella zamani
akapanga juu ya duka la jibini:
ngazi thelathini na moja, kisha mvuke wa pasi.
Nilipopelekwa huko nikaona wazee wawili
wakibishana nusu saa juu ya upana wa kola,
bila hasira, kwa uangalifu,
kama ndugu wanaogawana shamba.
Gaudenzio alifunua bitana anionyeshe mishono
iliyolala upande mmoja kama mvua ya upepo.
Mkono wa shati wa kushoto huukata mpana zaidi,
kwa unene wa ukucha, ili saa ipite.

Lakini Huguenin hakuvaa saa.

"Ya baba iliuzwa kiwanda kilipofungwa," alisema.
"Nafasi yake haikuuzwa."

Régis, wa meza ya dirishani, alicheka suruali zaidi.
"Upindo! Hata babu yangu aliukata upindo."
Vidole viwili na nusu vya kitambaa kilichokunjwa,
kisichofanya kazi yoyote,
kinachozunguka kifundo cha mguu kama swali la kizamani.

Kisha Februari, na ile skrubu.
Nyembamba kuliko ukope, imechomwa hadi ikawa samawati,
ya saa ya mfukoni ya mtu aliyezikwa kitambo,
haina pacha popote.
Iliruka kutoka kwenye kibano cha Régis
na sote tukasikiliza isianguke.

Tulipiga magoti, sote kumi na wanne.
Sumaku. Tochi. Brashi ya rangi.
Régis alipapasa sakafu kwa viganja
hadi nikaona haya kumtazama.

Saa kumi na moja Huguenin alivua koti jeupe,
akatandika karatasi, akasimama juu yake,
akashusha upindo wa kushoto
polepole, kama mtu anayefungua barua ya benki.
Vumbi la shaba. Uzi. Chembe ya mkate.
Yakuti moja ambayo hakuna aliyeitafuta.
Akashusha wa kulia.

Nukta ya samawati ikagonga karatasi.

Hakusema kitu. Aliinama, akakunja upya,
akabana mkunjo kwa kidole gumba
pale pale ulipokuwa.
Régis naye hakusema kitu; alikwenda kunawa,
na maji yakatiririka muda mrefu.

Mimi nilipanda zile ngazi Aprili.
"Sijawahi kumkatia mwanamke," Gaudenzio alinung'unika,
pini mdomoni, tayari amenipima kiuno.
Ya kwanza ilinibana. Ya pili bado ninayo,
ingawa aliyeishona hayupo,
na juu ya duka la jibini sasa wanatengeneza simu.

Jioni hutandika karatasi, nikashusha upindo.
Mara nyingi ni vumbi tu.
Nalimwaga, nakunja, nazima taa.