Pia

Kitabu cha chuoni kilisema: mmoja katika elfu mbili.
Nikapiga mstari chini ya neno mmoja, kwa kalamu ya kijani,
nikapasi mtihani.
Hapa Meybod, katika darasa la shule iliyofungwa kwa likizo,
hadi saa sita mchana nimeshawapata wawili,
na foleni bado inafika kwenye bomba la maji.

Nyumba zao zilichaguliwa kwa kura.
Kila mtu mzima aliyelala humo usiku wa kuamkia leo
anakuja na karatasi yake, anaweka kidevu juu ya kikombe cha plastiki,
paji la uso kwenye utepe,
nami nasema: usipepese. Tazama duara jekundu. Usipepese.

Mashine inachora jicho kama ramani ya milima.
Buluu ni bonde, kijani ni tambarare.
Nyekundu ikivimba chini ya mboni
najua kioo kimechoka, kimekonda,
kinasukumwa mbele taratibu kikawa kama pia,
ile ya watoto, ya kuzungushwa kwa kamba;
ila hii haizunguki. Inazungusha dunia.

Bahador, mpaka rangi wa kiwanda cha vigae, miaka thelathini na minne:
"Mstari mmoja nauona miwili, na wa pili una mkia.
Msimamizi anadhani nakunywa."
Jozi tano za miwani kwa miaka sita.
Zote amekuja nazo, ndani ya soksi.

Bi Tuba anauliza kama mwezi huzaa,
maana tangu harusi ya mwanawe
anaona miezi minne imeshikana mabega.

Kisha maswali ya fomu.
Una pumu? Ngozi huwasha? Mafua ya vumbi?
Huku jangwa likipumua hivi, nani asiye na mafua ya vumbi?
Unafikicha macho?
Wote wanasema hapana,
na wakisema hapana ngumi imeshapanda,
kifundo cha kidole kinasaga kope, kinasaga,
utamu ule anaoujua kila aliyewahi kuwashwa.
Naweka alama kwenye ndiyo.

Swali la kumi na moja nalisoma polepole.
Wazazi wako ni ndugu?
"Binamu."
"Watoto wa ndugu wawili, kwani kuna ubaya?"
Hakuna ubaya, baba. Ni kisanduku tu.
Damu haina hatia: inarithisha pua, inarithisha shamba la komamanga,
na mara nyingine inarithisha kioo chembamba.
Si kila aliyerithi ataugua, wala si kila mfikichaji.
Hilo nalisema kwa lugha ya jikoni, si ya fomu.

Husemwa macho hayana pazia.
Yanalo. Ni nusu milimita,
na kazi yangu ni kutazama linavyochakaa.

Wawili hao nawaandikia barua ya kwenda Yazd.
Watatiwa matone ya manjano, wataangaziwa taa ya zambarau
mpaka kioo kikaze.
Hakirudi kilivyokuwa. Kinaacha tu kuendelea.
Bahador anaikunja barua mara nne, anaitia kwenye soksi.

Saa kumi na moja. Mlinzi anafagia.
Mpira wa kujaribia mashine umepotea,
basi naweka kidevu changu mwenyewe,
nabonyeza kwa kupapasa.
Usipepese, najiambia.
Buluu. Kijani.
Chini ya mboni ya kushoto, doa la chungwa.
Si jekundu. Bado si jekundu.

Mimi pia?

Namba ya nyumba yetu haikuokotwa kwenye kura.
Sihesabiki; ripoti ya leo inabaki wawili.
Nampigia mama simu, anajibu mdomo umejaa mbegu za tikiti.
"Mama, wewe na baba..."
"Unajua vizuri. Babu zako walinyonya ziwa moja.
Kwani fomu inauliza?"

Sijibu. Vumbi limeingia dirishani,
kope zinawasha,
na mkono wangu wa kulia nimeukalia
kama mtoto aliyekatazwa.