Siwema Hajasema

Miezi kumi na moja, meno manne, neno hata moja.
Anakaa kwenye jamvi langu la kazi, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kati ya spoki, minyororo na kopo la grisi
ambalo mama yake, Mwanamkuu, ameapa lisimkaribie.

Nimepindua baiskeli ya Mwalimu Semhando,
matairi juu, kama mende chali.
Nazungusha gurudumu: linavuma, linalegea, linasimama.
Siwema anatazama.
Kisha, gurudumu limetulia, mimi nimempa mgongo
(namwona kwenye kioo cha pikipiki ya jirani),
kifundo cha mkono wake kinazunguka hewani,
taratibu,
taratibu zaidi,
kinasimama.

Hakuwa akiniambia kitu.
Kwa hesabu yake, hakuna aliyemwona.
Sasa alikuwa akimwambia nani?

Mwanamkuu anasema mtoto anacheza tu.
Bashweni wa duka la unga anasema anawapungia malaika.
Mimi fundi. Naujua mkono unaotafuta.
Mara ngapi nimesimama mbele ya breki isiyoshika,
mdomo mtupu, vidole vikipinda waya usiokuwepo,
vikijaribu huku, vikikataa, vikijaribu kule,
mpaka vikajua,
ndipo na mimi nikajua.

Jana alilikuta kopo. Lile lile.
Hakulishika kwanza.
Alifungua kifuniko cha hewa: kiganja kushoto, tena kushoto,
akautazama mkono wake kama anayesoma risiti,
ndipo akaliendea.
Nikamwacha. Grisi hadi kwenye nyusi.
Usiku ule maneno ya mama yake niliyala mimi,
na yalikuwa sahani nzima.

Leo umeme umerudi saa mbili kasoro,
mtaa wote "huoo!", na Siwema begani kwangu,
mkono umeshapanda kuelekea dari, vidole vinafumbuka,
akasema: taa.

Taa!
Mwanamkuu akapiga kigelegele, wapangaji wakatoka vyumbani,
mmoja na mswaki mdomoni.
Sema tena, mama. Sema taa.
Akasema. Akasema. Akasema.

Mimi nilikuwa nautazama mkono.
Ulikuwa umeshuka, umelala kifuani mwangu
kama kibarua aliyeambiwa kesho usije.

Nikauchukua, nikavifungua vidole kimoja kimoja.
Usiende mbali, nikaunong'oneza.
Gurudumu la nyuma la Mwalimu limepinda,
na sijui pa kuanzia.