Hati ya Makabidhiano

Watu wa Katubuka hawakunielewa.
"Nani kafariki?" Hakuna.
"Nani anaoa?" Hakuna.
"Basi unafuata nini Lushoto, siku ishirini na nane?"
Baridi, nikasema. Na kulala mpaka saa tatu.
Wakatazamana
kama waliosomewa hesabu isiyojumlika.

Ila swali gumu lilikuwa langu:
Karani nimwache na nani?
Karani ni paka. Nilimpa jina hilo
kwa sababu kila nikifungua daftari, yeye hulikalia.

Mama Gwimo alikubali haraka mno.
Ghala lake la mahindi limejaa panya;
niliyaona macho yake yakimpima Karani
kama mtu anayechagua shoka.
Bwana Buchumi akacheka hadi akakohoa:
"Paka naye anawekewa mlinzi? Mwachie mlango wazi,
Mungu hamsahau kiumbe wake."
Kweli hamsahau. Lakini mbwa wa barabara ya pili
nao ni viumbe wake.

Akabaki Hamimu, wa darasa la tano,
aliyekuja na bei yake mfukoni:
mia tano kwa siku, nusu nilipe kabla,
"na nikimkuta amekufa, usiniite muuaji."
Tukapeana mikono.

Nikaandika, kama tunavyoandika bandarini
zamu inapobadilika:

Dagaa kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni,
wasio na chumvi; wachemshe, wapoe.
Mgebuka Jumapili tu, na mwiba utoe wewe,
usimwachie yeye ajifunze.
Maji kwenye bakuli la maua, si kwenye kopo.
Majivu ya sanduku yabadilishwe
kabla hayajaanza kusema.
Radi ikipiga atakimbilia chini ya kitanda.
Usimvute mkia. Lala kifudifudi, mwongeleshe:
mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Usiku funga dirisha la jikoni.
Ukisahau yote, kumbuka dirisha.

Treni ilipoanza kusogea
nilikuwa bado naongeza vipengele kichwani.

Lushoto nililala mpaka saa tatu, siku moja.
Siku ya pili nikaamka alfajiri
nikipapasa uzito miguuni.
Nikapiga simu ya mama yake Hamimu.
"Mpe nimsalimie." Dada yangu akashika mbavu.
Kimya; kisha mvua juu ya bati la Kigoma,
kisha kitu kama kinu kidogo
kinachosaga mbali.
Vocha ya elfu mbili iliishia kwenye kinu hicho
na sijutii hata senti.

Nikarudi na kikapu cha pea na koti jipya
lisilo na kazi katika joto hili.
"Karani!"
Alikuwa juu ya ukuta, amenenepa,
akanitazama kama mtu aliyeleta fomu bila picha,
akageukia upande wa ziwa.
"Karani!"
Hamimu akatazama vidole vya miguu yake.
"Shikamoo. Samahani, hilo haitikii tena."
Akapiga mluzi mfupi: "Meneja!"

Akashuka, mkia juu, akaupita mguu wangu,
akaenda kujisugua kwenye magoti ya mtoto.

Miaka kumi na moja niko meza ile ile,
barua za kuomba cheo nimeandika
mpaka kalamu inazijua yenyewe.
Yeye, siku ishirini na nane tu,
tena mimi nikiwa likizo.

Nikalipa nusu iliyobaki, nikaongeza elfu tatu.
Jikoni nikaikuta hati yangu
imebandikwa ukutani kwa ugali,
kila mstari una alama ya penseli,
na chini kabisa, mwandiko wa darasa la tano:
"Dirisha nilifunga kila siku.
Siku ya radi tulilala nae mvunguni, wote wawili."

Ufunguo hakurudisha.
Sikuudai.