Hesabu ya Karani wa Ghala

Mwanafunzi wangu Liang Suo ameandika kwa wino mzito:
"Mwenye njaa humshinda mwenye shibe, daima."
Hiyo "daima" nimeifuta kwa kidole nilichokilamba.

Keti. Nilikuwa na miaka tisa
walipoingia kwa lango la kaskazini,
farasi wao wafupi, manyoya yamegandamana kwa barafu,
wenyewe wananuka siagi na moshi wa mavi makavu.
Mkuu wao, Bulkhadar, alipasua gunia la mtama,
akauchota kwa viganja viwili, akaukodolea macho
kama mtu aliyeokota jino la mtoto wake.
Baba yangu alikuwa amelala chini ya gunia hilo.

Ndiyo, walitushinda.
Kuta tulikuwa nazo. Panga elfu sita pia,
zimepakwa mafuta, kila moja na namba yake daftarini.
Ufunguo alikuwa nao ofisa aliyekwenda harusini.

Lakini mimi ni karani, nahesabu hata kisichokuwepo.
Kabla ya hapo walikuja majira kumi na moja ya baridi,
wakarudi na mbuzi wanne, au na vidole pungufu,
na mwaka mmoja hawakurudi kabisa:
theluji ilipoyeyuka wachungaji waliwakuta
wamekumbatia shingo za farasi.
Nani aliwatungia utenzi hao?
Njaa ikishindwa haina mwandishi.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, husemwa.
Sisi tuliwapa siku ya kwanza, kwa woga.
Wakacheka, mipini wakachomea nyama.
Tukangoja.

Leo mjukuu wa Bulkhadar, kijana Esenge,
huja kwangu alasiri kusoma mashairi ya mto na mwezi.
Hutafuna lozi za asali. Maziwa ya farasi yanamtia kichefuchefu.
Akipanda tandikoni huomba mto wa kukalia,
na shamba lake la mtama, nakiri, ni zuri kuliko letu.

Jana alifunga mlango, akaninong'oneza:
"Mwalimu, wale wa ng'ambo wameonekana tena.
Washenzi wale. Wamekonda kama mbwa."
Wale. Alilitamka kama baba yangu,
kwa kukunja pua.

Nikamuuliza, ufunguo wa ghala la silaha
uko kwa nani siku hizi?

Akatazama kucha zake.