Simu Hii ni ya Nani?

Jumatano, soko la wanawake la Ibra limekwisha funga,
lami inanuka, na mimi nimekaa juu ya zulia la watu,
kishikwambi pajani, nauliza.
Jina? Mwanjaa.
Umri? Anacheka. Andika ishirini na sita. Au saba.
Kikohozi, wiki ngapi?
Anatazama mlango kwanza.

Wiki tatu, anajibu mama wa nyumba kutoka jikoni.
Wiki saba, anajibu Mwanjaa kwa vidole,
mkono chini ya kanga.
Naandika saba.

Nambari ya simu.
Mama wa nyumba anataja yake, haraka, kwa moyo mmoja.
Si mtu mbaya. Ana mjukuu wa miezi miwili
na hofu ya mtu yeyote mwenye mjukuu.
Majibu yaje kwangu, anasema.
Simu ya huyu imo drooni mwangu, chaji imekwisha.
Na programu haina subira:
pasipo nambari, kitufe hakibonyezeki.
Inajua lugha tano, nayo hii yetu haimo,
hii bibi aliyotugawia pamoja na mkate wa ufuta,
kipande kwa kipande, hapa hapa Ibra.

Usiku nikamwendea Ilham wa takwimu.
Ongeza kisanduku kimoja, nikamwambia.
Kiulize: simu hii ni ya nani?
Ikiwa si ya mgonjwa, majibu yasiende popote,
yangoje miguu yangu.
Alikaa kimya, kisha akaanza kuandika.
Na sauti, akasema bila kugeuka, nani atatoa sauti?

Nikajifungia garini, kiyoyozi nimekizima kisivume,
jasho likishuka hadi kiunoni.
Maelezo ya karatasini yalikuwa makavu
kama tende za mwaka juzi. Nikayatia vina:

*Ukiamka mapema, hata hujaonja chai,*
*Uwani ukasimama, peke yako, huzubai,*
*Kohoa toka mtima, mate tu hayatufai,*
*Kifuniko funga vyema, nitakijia, nidai.*

Mwanjaa aliisikiliza mara tatu, sikio juu ya kioo.
Huyu mwenye sauti ni wa wapi?
Ni mimi.
Muongo. Wewe unaongea upesi.

Kikopo kikaondoka bila jina,
mistari myeusi, mistari myeupe, tarakimu nne.
Mashine ya maabara, ndogo kuliko jiko la mkate,
ikavuma saa mbili, ikaona.
Simu ya mama wa nyumba haikulia.
Ililia yangu. Nikaendesha kilomita kumi na nne.

Nilimwambia uwani, karibu na kamba ya nguo.
Vimelea vipo. Dawa ipo. Miezi sita.
Akauliza swali lisilo na kisanduku:
Watanirudisha Singida?
Kidole changu kikatafuta mahali pa kubonyeza.
Sijui, nikasema.
Najua vidonge vinaanza kesho.
Najua kesho nitakuwa hapa.
Akaanua shuka moja, akalikunja, akalitundika tena.

Kwa mama wa nyumba tulikwenda pamoja, Mwanjaa mwenyewe akataka,
akasema yeye, kwa mdomo wake, mimi nikiwa nyuma.
Kikombe kilianguka. Hakikuvunjika.
Alhamisi wakapimwa wote, hata yule mdogo,
na mama wa nyumba akaniuliza pembeni
kama hayo maelezo ya vina
yapo pia kwa Kiarabu.
Droo, niliona wakati natoka, ilikuwa wazi.

Leo siku ya thelathini na tisa.
Kila asubuhi, kabla sijavaa viatu, inanifikia alama moja:
amemeza.
Juzi ilichelewa hadi adhuhuri, nikawa nimeshika ufunguo wa gari.
Mtandao tu, akaandika. Na samahani.
Nimekwenda hata hivyo.

Chini kabisa ya fomu pana nafasi ya maelezo ya ziada,
ambayo hakuna anayeisoma.
Nimeandika: amekohoa mara mbili,
na ya pili kilikuwa kicheko.