Unywele Mmoja Kushoto

Miezi minane Aikande ananiona kama uji:
pua haina ukingo, macho matundu mawili ya moshi.
"Si ndiko niliko, Moshi," namtania.
Hacheki.

Fundi wa pale stendi alitaka elfu arobaini.
Nikamwambia, asante, mikono ninayo.

Usiku, Majengo, umeme umerudi,
nikapenyeza kadi ya benki iliyokwisha muda
kwenye fremu ya laptopu. Tak. Tak. Ikaachia.
Kumbe kamera yenyewe punje ya mbaazi,
gundi ya kiwandani imeikaba shingo.
Nikaikwangua kwa wembe, pumzi nimeibana,
nikaizungusha lenzi kwa kibano cha nyusi
unywele mmoja kushoto:
ukungu.
Nusu unywele kulia:
ukuta nyuma yangu ukasimama,
na ufa wake, na msumari wake.

Jumapili nikampigia, nimenyoa ndevu, nimechana nywele.
Sura yangu hakuitazama.
"Koti la Baba," akasema. "Bado liko pale?"

Nikageuka kuangalia, kana kwamba sijui.

Fremu haijabana sawasawa mpaka leo.
Nimeishikiza kwa selotepu.