Zamu ya Dorkasi

Saa mbili na nusu asubuhi ninaegesha gari nyuma ya ghala la tumbaku.
Ninavua saa, miwani, pete ya marehemu Roscoe,
ninavitia ndani ya kiatu cha mpira
na kiatu nakisukuma chini ya kiti.
Halafu ninajifunga Dorkasi:
sketi ya kitani kizito, aproni, kitambaa cha kichwa,
viatu visivyojua kushoto wala kulia.

Mzigo wa mwenzio, husemwa, ni kanda la usufi.
Waliosema hawakupewa kuibeba sufuria hii.

Miaka thelathini na mmoja niligawa barua mitaani Petersburg, Virginia,
nikajua jina la kila mbwa.
Sasa ninagawa barua za mtu aliyekatazwa kuandika.
Yote yanayojulikana juu yake ni mstari mmoja
katika daftari la mali ya Bwana Harwick, alipokufa:
Dorkasi, mpishi, hana meno mawili, paundi arobaini.
Chini yake: sufuria ya shaba, paundi mbili na shilingi sita.
Sufuria bado ipo. Ninaisugua kwa mchanga na siki kila Jumatatu.
Majira ya baridi hulala ndani ya kabati la kioo.
Dorkasi hana kaburi.

Bwana Harwick wetu ni Garrett Lindqvist, mwalimu wa hesabu,
mtu mpole, hata nzi humfungulia dirisha atoke.
Saa nane kamili sharti aingie jikoni anifokee kwa sababu ya bata.
Mwaka wa kwanza sauti ilimkwama.
Tukafanya mazoezi kwenye maegesho, mimi mwalimu, yeye mwanafunzi:
Usinitazame machoni, Garrett. Mwenye mali haitazami. Fokea sufuria.
Akajifunza. Akajifunza vizuri mno.
Jioni huniletea kahawa, na hatuzungumzi habari za bata.

Wageni huuliza: moto huu ni wa kweli?
Mama mmoja wa Ohio: lakini walikula vizuri, sivyo?
Nikampa jibu tulilofundishwa, lenye tarehe na adabu,
huku nikikoroga pasipohitaji kukorogwa.

Jumamosi ile ya Agosti, kundi lilipohamia kwa mhunzi,
mvulana wa miaka saba hivi, mapengo mbele,
alibaki.
Akachungulia mlangoni, huku, na huku,
akaninong'oneza kwa pumzi yenye harufu ya karanga:
Gari letu ni la bluu. Halijafungwa.
Nyuma kuna blanketi la mbwa. Jifunike.
Mama huwa haangalii nyuma.

Ninayo majibu mia mbili na kumi katika faili la kijani:
bei ya chumvi, namna ya kuchuna sungura, adhabu ya kutoroka.
Hili halimo.
Dorkasi ndani yangu akaweka kijiko chini.
Mimi, mwenye pensheni na leseni ya udereva,
nikasikia magoti yakihesabu hatua, jikoni hadi ghalani:
themanini na nne.
Sikujua nimjibu kutoka karne ipi.

Nikamwuliza, Na wewe utakaa wapi?
Akafikiri.
Mimi ni mdogo, akasema. Tutabanana.

Corwin! aliitwa. Akaenda kinyumenyume,
macho yakinihimiza.

Saa kumi na moja kengele ililia,
utumwa ukatiwa kufuli hadi kesho, tiketi zikahesabiwa.
Nikavaa pete. Nikavaa miwani.
Gari la bluu lilikwisha kuondoka, limeacha doa la mafuta juu ya changarawe.
Nami, mjane wa miaka sitini na minane, mwenye akili zangu timamu,
nikafungua mlango wa nyuma wa gari langu
nikasimama nimeushika, mbu wakiingia,
kwa muda ambao mtu mwenye viatu visivyojua kushoto wala kulia
angehitaji kumaliza hatua themanini na nne.